Ngazi za mzunguko ngomeni: je, upanga ulikuwa na nafasi?

Ukitembelea ngome yoyote kongwe ya Uingereza, hukosi kuambiwa kwamba ngazi zake za mzunguko hupanda kwa kufuata mwendo wa saa ili kumbana adui. Anayepanda ana nguzo ya kati upande wa kulia, kwa hiyo mkono wake wa upanga unagonga jiwe. Anayelinda, akitazama chini, nguzo iko kushotoni kwake na mkono wa kulia una nafasi hadi ukutani. Aliyelieneza sana dai hili ni Theodore Andrea Cook, mwanzoni mwa karne ya 20. Bwana huyo alikuwa mwandishi wa sanaa na mpenzi wa mchezo wa vitara, basi si ajabu alipotazama ngazi aliona pambano.

Dai lenyewe si upuuzi. Nguzo kweli inambana anayepanda. Swali ni kiasi gani, na jibu linataka futi kamba. Tuchukue ngazi yenye kipenyo cha mita 2 na nguzo ya sentimita 20. Njia inabaki sentimita 90 tu. Mzunguko mmoja wenye vipandio 12, kila kimoja kikiwa na kimo cha sentimita 20, unapanda mita 2.4, ukitoa unene wa kipandio cha juu, kichwa kinabakiwa na kama mita 2.2. Ukutani kipandio kina upana wa sentimita 52, kwenye nguzo sentimita 5, pasipotosha unyayo.

Humo ndani hakuna wa kuzungusha upanga, awe juu au chini. Kinachowezekana ni kuchoma, na kuchoma hakuhitaji nafasi pembeni kama kukata. Wote wawili watajibanza upande wa ukutani, maana huko ndiko mguu unakopata pa kukanyaga. Zaidi ya hapo, mlinzi aliye vipandio vitatu juu ana nyayo zake sentimita 60 juu ya nyayo za adui, yaani miundi yake iko mbele ya mapaja na kiuno cha adui. Ili amfikie adui lazima ainame. Faida ya mkono wa kulia ipo, ila ni ndogo kuliko inavyosimuliwa.

Kuna ushahidi mwingine unaoniridhisha zaidi. Minara ya kengele ya makanisa, ambayo kwa kawaida haikujengwa kwa ajili ya vita, nayo mara nyingi ina ngazi za kufuata mwendo wa saa. Ngome ya Caernarfon kule Wales, iliyoanza kujengwa mwaka 1283 na mfalme aliyejua vita, ina baadhi ya ngazi zinazozunguka kinyume. Masimulizi ya ukoo wa Kerr wa mpakani mwa Scotland, kwamba ngazi za ngome yao ya Ferniehirst zimegeuzwa kwa sababu wao ni mashoto, yanapendeza, lakini hayawezi kueleza Caernarfon. Ndivyo ilivyo kwa vipandio visivyolingana kimo: wengi huviita mtego wa kumkwaza adui, wakati mwashi aliyelazimika kufikisha ngazi kwenye sakafu iliyokwisha kujengwa hana budi kuongeza au kupunguza kimo mahali fulani. Na wa kwanza kujikwaa usiku ni mlinzi mwenyewe.

Ila wanaosema ngazi hazikuwa na kazi yoyote ya ulinzi nao wamevuka mpaka. Mnara mkuu wa ngome ya Rochester, Uingereza, uliingiliwa ghorofa ya kwanza, kupitia ngazi ya nje na jengo la mbele, penye daraja la kuinuliwa na lango zito la kushushwa kutoka juu. Kwenye ngome ya Dover, ya miaka ya 1180, mlango ulipelekwa hadi ghorofa ya pili. Hapo ngazi ni silaha kweli: adui anapanda akiwa wazi, juu yake kuna watu, mbele yake kuna pengo.

Na bado Rochester ilipovunjwa mwaka 1215, haikuvunjwa kwa ngazi. Wachimbaji wa Mfalme John wa Uingereza, aliyeizingira, walitoboa chini ya kona ya kusini mashariki, wakaegemeza magogo ya kuchomwa baadaye, na mfalme akaagiza nguruwe 40 ili mafuta yao yachochee moto. Kona ikaporomoka. Walinzi hawakukimbilia ngazini kupigana. Walirudi nyuma ya ukuta unaougawa mnara katikati, ambamo shimo la kisima linapanda likiwa na uwazi kila ghorofa. Njaa ndiyo iliyowatoa, tarehe 30 Novemba.

Kwa hiyo ukiingia kwenye magofu, usihangaike sana na upande ngazi inakozungukia. Tazama mlango unaotoka ngazini kuingia chumbani, utafute tundu la gogo la komeo ukutani. Likiwa upande wa chumbani, mjenzi alikwisha kuihesabu ngazi kuwa inaweza kuwa mikononi mwa adui.