Chakula kinachomwagwa nyumbani: alaumiwe nani?

Ripoti ya mwaka 2024 ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, ilielekeza kidole jikoni. Kati ya takriban tani bilioni 1.05 za chakula zilizotupwa duniani mwaka 2022, asilimia 60 zilitoka majumbani. Migahawa na huduma nyingine za chakula zilichangia asilimia 28, maduka asilimia 12. Wale wanaosema kazi ianzie nyumbani wana hoja nzito, tena haiwahusu matajiri peke yao: kati ya nchi za kipato cha juu na zile za kipato cha kati, wastani wa kila mtu ulipishana kwa kilo 7 tu kwa mwaka.

Hata hivyo, wastani wa dunia, kilo 79 kwa mtu, umejumlisha maganda, mifupa na kokwa. Anayemenya viazi vyake mwenyewe ataonekana mharibifu kuliko anayenunua vilivyomenywa kiwandani, ilhali maganda yake yameachwa huko. Na duka nalo lina mkono wake. Likiuza mboga kwa furushi kubwa tu, mtu anayeishi peke yake atazitumia zote vipi kabla hazijanyauka? Kuna pia tarehe za kwenye pakiti. "Tumia kabla ya" ni onyo la usalama. "Bora kabla ya" huhusu ladha na ubora. Anayezichanganya hutupa chakula ambacho bado ni kizima.

Mimi nakubali kwamba nyumbani ndipo pa kuanzia. Ninachokataa ni namna ushauri unavyotolewa: panga mlo, andika orodha, pika kwa kipimo. Wote humwangukia mtu mmoja, mpishi. Lakini kiporo kina wazazi wengi. Yuko aliyesema atarudi kula asirudi, wala asitoe taarifa. Yuko aliyempakulia mtoto sahani ya mtu mzima. Yuko aliyenunua nyanya bila kuuliza kama zipo. Mpishi hupika kwa kukisia tu, na akiogopa kuambiwa chakula hakikutosha, ataongeza kikombe kila siku. Woga huo hautibiwi na orodha.

Halafu kuna ushauri wa kuhifadhi kiporo, mzuri kwa mwenye friji inayofanya kazi. Wali uliolala juu ya meza ni hatari: bakteria aitwaye Bacillus cereus huacha chembechembe zinazostahimili kuchemshwa, na wali ukikaa kwenye joto la chumba chembechembe hizo huota, bakteria wakaongezeka na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Unatakiwa upozwe upesi, uingie kwenye baridi ya nyuzi 5 au chini yake. Mwenye umeme wa kukatikakatika akiumwaga asubuhi, siwezi kumwita mfujaji. Amewalinda watoto wake. Kwake, dawa iliyobaki ni kupunguza kinachoingia chunguni, na hilo haliwezekani mpaka kila mmoja atoe taarifa mapema kama atakula au hatakula. Ningeanza na hilo kabla ya orodha yoyote, na sahani ya kwanza iwe ndogo, anayetaka aongezewe.