Siku Tisa za Sikio Moja

Mwaka huu nilikaa siku tisa nikiwa na sikio moja. Kosa ni langu: nilichokonoa sikio la kulia kwa kijiti cha pamba, nta ikajisukumia ndani, likaziba kabisa. Ukizibwa sikio husikii kimya, unajisikia mwenyewe. Unasikia unavyotafuna, unavyomeza mate, na ukiongea ni kama umeingiza kichwa kwenye pipa. Tena sikio moja linakuambia bodaboda inakuja, halikuambii inatokea wapi. Mara mbili nilirukia upande uleule inakotokea.

Siku ya kumi nikaenda zahanati. Muuguzi akanisukumia maji ya uvuguvugu kwa bomba la sindano, kikatoka kitu cha ukubwa wa punje ya choroko ambacho sikutaka kukitazama. Sauti ya kwanza iliyoingia ilikuwa ya kola ya shati langu ikikwaruza shingo. Nikatoka nikasimama barazani kama mgeni. Magomeni yote ilikuwa imerudi.

Watu husema Dar ina kelele. Sibishi. Kuna baa nyuma ya kwetu, siku NEMC, wale watu wa baraza la mazingira, wakija na mashine yao ya kupima desibeli nitawaonyesha njia mwenyewe. Lakini kilichonikosesha raha zile siku tisa si makelele makubwa, hayo nilikuwa nayapata hata kwa sikio bovu. Nilikosa vile vidogo. Asubuhi nikiwa bado kitandani huwa najua nani anapita uchochoroni. Mkasi unaokata hewa, kachu kachu, ni fundi nguo na cherehani yake begani. Vichupa vinavyogongana ni kijana wa kupaka rangi za kucha. Brashi ikigongwa kwenye sanduku la mbao, huyo ni mpiga kiwi. Sarafu zinazochezeshwa kiganjani ni muuza karanga na sigara, na papo hapo anakuambia chenji ipo. Kila mmoja kengele yake ni kile kile anachofanyia kazi. Hawakukaa kikao wakagawana, na sijawahi kusikia mmoja akimwibia mwenzake mlio.

Kiswahili chenyewe kinalitwisha sikio mizigo isiyo yake. Tunasikia njaa, tunasikia baridi, tunasikia usingizi. Tunasikia hata harufu. Pua ipo palepale katikati ya uso, kazi kapewa sikio. Na jambo likiwa halijakaa sawa, iwe posa au mshahara uliochelewa, tunasema ngoja tusikilizie.

Shuleni tulikaririshwa tanakali za sauti kwa ajili ya mtihani: anguka majini chubwi, mchangani tifu, matopeni tapwi. Nilizipata zote na sikuielewa hata moja. Masika fulani nikawa naruka dimbwi kwenye kichochoro chetu, ndala ikanichomoka mguuni ikatua kwenye tope. Tapwi. Neno lenyewe, herufi kwa herufi. Nilisimama na mguu mmoja juu nikicheka peke yangu. Kumbe kuna watu waliwahi kusikiliza kitu kikianguka kwenye maji na kikianguka kwenye tope, wakaona si haki viwili hivyo kugawana neno moja. Sisi tukageuza kazi yao kuwa maswali ya kujaza nafasi.

Wanaosikiliza namna hiyo bado wapo, ila hawaitwi wasomi. Fundi wetu wa gereji ukianza kumweleza gari lina shida gani anakukatiza: "Usinisimulie. Zima redio, washa nisikie." Anachukua bisibisi ndefu, ncha anaigandamiza kwenye injini, mpini anauweka sikioni, anafumba macho. Anahamisha ncha kidogo. Tena kidogo. Mvumo unaopanda kadiri mwendo unavyopanda, hiyo ni beringi ya tairi. Ukikata kona ikapiga ka-ka-ka, anza kutafuta hela. Mama yangu naye hakuwa na saa jikoni. Wali ukiacha kutokota ukaanza kuchacharika chini ya sufuria, alipalia makaa juu ya mfuniko bila kufunua. Na sokoni hakuna nazi aliyowahi kuinunua bila kuitikisa sikioni kwanza.

Kinachoniuma mimi ni spika. Siku hizi muuza dawa ya panya, mende na kunguni anajirekodi mara moja, anaiweka kwenye spika ya kuchaji, inazunguka kutwa. Namwelewa, koo halichajiwi. Lakini juzi nimempita mmoja kaketi chini ya mwembe anakula muhogo wa kuchoma, mashavu yamejaa, huku sauti yake ileile ikiapa pembeni kwamba panya atakufa leo leo. Mwanamuziki wa Kanada, R. Murray Schafer, ambaye kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 alikusanya wenzake kule Vancouver wakachunguza sauti za mji wao, aliitungia jina hali hii ya sauti kutenganishwa na aliyeitoa, na akaiona kama ugonjwa. (Ingawa na yeye na kundi lake walikuwa wakizunguka na vinasa sauti.) Mimi sifiki kwenye ugonjwa. Ninachosema ni kwamba sauti ya spika haina habari ndani yake. Saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni ni ileile. Muuza samaki wetu, anayeita kwa koo lake, jioni akibakiza vichache sauti inashuka, inaanza kubembeleza. Hapo ndipo akina mama wa mtaa mzima wanapotoka na sahani. Siku atakayonunua spika, tutamlipa bei ya asubuhi mpaka usiku.

Jioni ile niliyozibuliwa nilimngojea muuza kahawa. Nilimsikia tangu yuko kona ya msikiti. Vikombe vidogo vya udongo, vitatu kiganjani, kidole kimoja kikiwa katikati ya viwili ili vigongane bila kubanana. Alipotua birika na jiko lake nikamwambia mzee, siku tisa hizi sijakusikia kabisa.

"Mimi nimepita kila siku, mwanangu."

Nikamweleza habari ya sikio. Akacheka, akanimiminia, akanipa na kashata. Nilipomrudishia kikombe akakisuuza, akakirudisha kwa wenzake, akavigonga mara moja. Akanyamaza. Akavigonga tena, safari hii polepole, akakitoa kimoja akakiweka kando kwenye ndoo.

"Hiki kimepasuka."

Nilikiomba nikakigeuza kwenye mwanga wa taa ya duka, ndani na nje, nikapitisha na kucha ukingoni. Sikuona ufa wowote. Nikakigonga kwa kikombe kingine, mimi naona kinalia tu kama vikombe vingine. Akanitazama, akatikisa kichwa.

"Sikio lako bado," akasema, akanyanyua birika, akaondoka na viwili.