Nani Alikutuma Uioshe Injini?

Leo asubuhi, kwa mara ya tatu wiki hii, nimejikuta nimepiga magoti kando ya gari langu nikiwa na suruali ya kazini, shavu likikaribia kugusa sakafu, nikikagua doa jeusi ambalo jana lilikuwa na ukubwa wa sarafu na leo limefikia ukubwa wa sahani. Mtu mwenye heshima zake hapaswi kuonekana katika mkao ule kabla ya saa moja. Hata hivyo niliinama, nikaligusa doa kwa ncha ya kidole, nikalinusa, nikatumaini kwa moyo wote kwamba ni maji ya kiyoyozi, ingawa kiyoyozi cha gari hilo kilikwisha kufariki siku nyingi.

Wenye magari ya rika la langu sina haja ya kuwaeleza kwa nini mtu huegesha kwenye mteremko kwa makusudi, au kwa nini huongeza sauti ya redio kila anapopanda mlima. Gari langu limetembea kilomita 384,000 na ushee. Umbali wa wastani kutoka duniani hadi mwezini ni kilomita 384,400, kwa hiyo nimebakiza safari chache tu za kwenda kazini ili nitue huko, na sijaona popote kwamba waliokwenda kabla yangu walisimama njiani kuosha injini. Kwa miaka mingi mimi na injini hiyo tuliishi kwa maelewano: mimi siulizi ndani mna nini, nayo haiulizi kwa nini oili imechelewa kumwagwa. Ilikuwa inakula oili kidogo, sikatai, lakini wapo watengenezaji ambao hata lita 1 kwa kila kilomita 1,000 hawaihesabu kuwa ugonjwa, nami nilikuwa mbali na kiwango hicho.

Kisha nikanunua chupa ya dawa ya kuoshea injini.

Chupa ilikuwa na picha ya pistoni mbili. Ya kwanza ilikuwa nyeusi tititi na chini yake pameandikwa "Kabla". Ya pili ilikuwa inang'aa kama kioo na chini yake pameandikwa "Baada". Niliitazama ile ya kwanza nikaona haya, kana kwamba mtu ameingia kwangu bila hodi na kupiga picha chini ya kitanda. Muuzaji aliniuliza gari lina kilomita ngapi, nami nilipomtajia akasema chupa hii ilitengenezwa hasa kwa ajili ya magari kama hilo. Naamini ningemtajia kilomita 12 angesema vivyo hivyo.

Maelekezo niliyasoma kwa makini, maana mimi ni mtu wa kusoma maelekezo. Dawa humiminwa ndani ya oili ya zamani injini ikiwa ya moto, injini huachwa iungurume kwa dakika 10 bila kukanyaga mafuta wala kulisogeza gari, kisha oili yote humwagwa na chujio hubadilishwa. Ndani ya chupa mna viyeyushi vya jamii ya mafuta ya taa pamoja na sabuni, navyo huifanya oili iwe nyepesi mno kuweza kubeba mzigo, ndiyo sababu ya kukataza safari. Ambalo chupa haikunieleza ni kwamba oili yoyote nzuri tayari ina sabuni zake tangu kiwandani, pamoja na viambato vya kuyashika masizi yaelee badala ya kutua, na kwamba oili inapogeuka nyeusi huwa inafanya kazi iliyoajiriwa kufanya. Miaka yote hiyo nilikuwa nikichomoa kijiti cha kupimia oili, nikiona ule weusi, nikifadhaika. Nilikuwa namwonea aibu mtumishi hodari kwa sababu ya jasho lake.

Basi nilimimina, nikawasha, nikasimama kando mikono nyuma kama mgeni rasmi. Jirani alipita akasema yeye huosha kwa dizeli tu. Shemeji yangu alisema kwa simu kwamba gari lake halijawahi kuoshwa ndani wala nje na linakwenda. Dakika 10 zilipotimia nilimwaga oili, ikatoka nyepesi kama wino, nikabadili chujio, nikatia oili mpya na kujipongeza kwa utu uzima wangu.

Siku ya nne, katikati ya barabara, iliwaka taa nyekundu yenye umbo la birika linalodondosha tone moja. Taa hiyo si ya kukukumbusha jambo la wiki ijayo. Inakuamuru uzime injini hapo hapo ulipo, hata kama nyuma yako kuna dereva wa lori anayetaja wazazi wako. Nilizima, nikatajiwa wazazi, nikavutwa kwa kamba hadi kwa fundi.

Fundi wangu ni mtu wa makamo asiyezungumza haraka. Alizunguka gari mara moja, akafunua boneti, akafungua kifuniko cha kutilia oili, akamulika ndani kwa tochi na kukaa kimya kwa muda mrefu kama mtu anayesoma barua ya msiba.

"Mzee," alisema hatimaye, "umefanya nini?"

Njia nzima nikiwa navutwa kwa kamba nilikuwa nikiandaa jibu. "Fundi," nilimwambia, "nimefanya matengenezo ya kinga."

"Matengenezo ya kinga," alirudia taratibu, kisha akawageukia vijana wake watatu. "Hebu njooni hapa. Mzee amefanya matengenezo ya kinga."

Vijana walikuja na spana zao mikononi. Mmoja aliviringisha tairi, akalilaza, akalikalia, na hapo nikajua kwamba kikao hakitakuwa kifupi.

"Umetia dawa ya kuoshea?"

"Nimetia kiasi kilichoelekezwa, kwa muda ulioelekezwa."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna aliyenituma, fundi. Nimejisomea mwenyewe."

"Chupa ilikuwa na picha?"

"Ilikuwa na picha."

"Pistoni mbili?"

Nilinyamaza. Mbele ya mahakama ya namna ile mtu ana haki ya kunyamaza.

"Pistoni mbili," fundi aliwathibitishia vijana, nao wakatikisa vichwa kwa masikitiko ya watu waliokwisha kuzika wengi.

Walilipandisha gari, wakamwaga oili yangu ya siku nne, wakafungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Fundi aliingia chini na kutoka na kile kichujio cha waya kilicho kwenye mdomo wa pampu ya oili, ambacho kwa kawaida mtu huweza kuona upande wa pili kupitia matundu yake. Changu hakikuwa na matundu. Kilikuwa kimefunikwa na kitu cheusi kizito mfano wa lami iliyochanganywa na mchanga. Alinishika mkono, akaukunjua kiganja, akakiweka pale.

"Shika, mzee. Hii ni miaka yako."

Nikakishika. Ungefanyaje? Vijana watatu wanakutazama.

"Tope hili," alisema, "lilikuwa limelala kwenye kuta za injini. Halimgusi mtu, halimdai mtu. Wewe ukaenda kuliamsha. Lingeyeyuka lote lingetoka na oili, tungesahau. Sasa lingine limeyeyuka na lingine limebanduka vipandevipande, vikafuata oili mpaka hapa. Pampu inavuta, haipati kitu. Hata wewe ukizibwa pua na mdomo, taa itawaka."

Nilikubali kwa kichwa, nikajaribu kuhamisha mjadala kwenye lile suala la kuvuja, nikidhani huko nitapata afueni. Nilieleza kwa lugha ya staha kwamba tangu zoezi lifanyike pameonekana unyevu fulani chini ya gari, ilhali hapo awali haukuwepo.

"Ulikuwepo," alisema fundi. "Sili zako, ile mipira ya kuzuia oili isipenye kwenye maungio, zimepikwa kwa joto miaka yote hii mpaka zimekuwa ngumu kama ukucha. Hazizibi kitu. Kilichokuwa kinaziba ni uchafu. Uchafu ndio uliokuwa sili yako, mzee, na umeutoa kwa mikono yako."

"Na moshi, fundi?" aliuliza yule kijana wa kwenye tairi, ambaye hakuna aliyemwomba maoni.

Fundi alinitazama. "Moshi wa buluu upo?"

"Upo kwa kiasi."

"Unatoka asubuhi ukiwasha, au unatoka ukikanyaga mafuta?"

Nilimjibu kwamba inategemea ni nani aliye nyuma yangu. Jibu hilo halikumfurahisha. Alinieleza kwamba ukitoka asubuhi tu na kukatika, mara nyingi ni sili ndogo za valvu, ambazo usiku kucha zinaachia oili idondoke ndani ya silinda. Ukitoka wakati gari linavuta mzigo, mashaka huangukia ringi za pistoni, zile pete zinazoizunguka pistoni na kuziba mwanya. Kabla sijachagua ugonjwa ninaoutaka, kijana mwingine alikuwa amekwisha kufungua plagi na kufunga geji ya kupimia mgandamizo kwenye tundu la silinda ya kwanza. Walipima zote nne. Silinda ya tatu ilisoma chini kuliko wenzake. Fundi akadondosha humo kiasi cha kijiko kimoja cha oili, akaamuru ipimwe upya, na sindano ikapanda.

"Ringi!" walisema vijana wote watatu kwa pamoja, kama kwaya.

Maana yake, nilielezwa, ni kwamba oili ile iliziba kwa muda mwanya uliokuwa kati ya ringi na ukuta wa silinda. Sindano isingepanda, tungeshuku valvu. Kipimo chote kilichukua muda mfupi kuliko ule niliosimama dukani nikitazama pistoni mbili. Ringi iliyonata kwa masizi huenda ikalegezwa na dawa, fundi mwenyewe alikiri hivyo kwa shingo upande, lakini iliyolika imelika, na hakuna sabuni ya kurudisha chuma kilichokwenda zake.

Kisha akachomoa kitu kidogo chenye ukubwa wa kidole gumba, akakitikisa karibu na sikio langu. "Unasikia?"

"Sisikii kitu."

"Ndiyo. Kikiwa kizima kinagonga." Ilikuwa ni valvu ya kupumulia ya injini, ile inayoruhusu mvuke uliopenya kwenye ringi urudi kuchomwa. Ikiziba, shinikizo hujaa ndani na kuisukuma oili itoke popote penye udhaifu, na kwangu udhaifu uko kila mahali. Alikiweka kwenye kiganja changu cha pili, kwa hiyo sasa nilikuwa nimesimama mikono yote imejaa ushahidi. "Hiki," alisema kwa upole uliouma kuliko matusi, "ungekiosha hiki, nisingesema neno."

Hapo ndipo heshima ilipokwisha. Nilimuuliza kwa sauti ambayo siitumii mbele za watu kwamba sasa alitaka nifanye nini! Kushusha injini? Kazi ya kushusha injini hiyo, kubadili ringi, sili na gasketi zake zote ina gharama inayolizidi gari lenyewe pamoja na mimi nikiwa ndani yake! Kila mtu ananiambia ningepima kwanza, ningekagua kwanza, ningeuliza kwanza, na wote wanajua haya baada ya oili kumwagika. Tunanunua chupa kwa sababu mle dukani hakuna kingine tunachoweza kutoka nacho mkononi! Ingekuwapo chupa yenye picha ya fundi ndani yake ningenunua hiyo!

Vijana waliinamisha macho. Yule wa kwenye tairi alisimama, akanipa tairi lake nikae.

Kichujio kilisafishwa, valvu ya kupumulia ikawekwa mpya, oili ikatiwa upya, na taa ya birika imezimika. Kuvuja kumebaki. Moshi umebaki. Nimebaki pia na nusu ya chupa nyingine, ile ya kutia kwenye tangi la petroli kwa ajili ya kuosha nozeli, vile vijitundu vinavyorusha petroli, niliyoinunua siku ileile kwa furaha ileile. Hiyo kwa kweli siwezi kuilaani, kwa kuwa zenye kiambato kinachoitwa polietheramini husafisha nozeli vizuri, na katika injini kama yangu, ambamo petroli hurushwa nyuma ya valvu za kuingizia hewa, hata valvu zenyewe huoshwa. Injini za kisasa zinazorusha petroli moja kwa moja ndani ya silinda hazifaidiki na hilo, kwa sababu petroli haipiti kwenye valvu hizo hata kidogo, na mwenye gari jipya humimina chupa baada ya chupa akiosha mahali ambapo dawa haifiki. Habari hiyo ilinipa faraja ndogo ambayo sijivunii. Lakini kila ninapoishika ile nusu chupa mkono unanitetemeka.

Jana jioni jirani, yule wa dizeli, ameniletea chupa ya tatu. Hii ni ya kuzilainisha sili ngumu zivimbe kidogo na kuziba. Nimeiweka kiti cha mbele. Sijaifungua, nimeigeuza tu kuangalia kama ina picha.

Na leo, baada ya kulikagua lile doa, nimepima oili, zoezi linalotaka gari liwe mahali tambarare na injini iwe imezimwa kwa dakika kadhaa, uchomoe kijiti, ukifute, ukirudishe, ukichomoe tena. Upande mmoja wa kijiti unasema imejaa, upande wa pili unasema imepungua, na nimekifuta mara nne nikitafuta suluhu kati yao, kwa kitambaa cheupe nilichokuwa nimekikunja kwenye mfuko wa koti kwa ajili ya mkutano wa saa tatu, na sasa hivi ni saa tatu kasorobo, gari bado liko juu ya mawe mawili niliyotumia kulisawazisha, na jirani anakuja.