Yusuf Kuwafuata Askari: Mwisho wa Riwaya Unavyosomwa Leipzig na Unavyosomwa Lindi

Riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka mwaka 1994 kwa jina la Paradise, na ambayo tangu 2022 tunaisoma kwa Kiswahili kwa jina la Peponi katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis, inakoma mahali ambapo wasomaji wengi hawakutegemea. Kijana Yusuf, ambaye tumekuwa naye tangu alipokuwa mtoto wa miaka 12, alipochukuliwa na mfanyabiashara Aziz kuwa rehani ya deni la baba yake, anajificha dukani pamoja na mwenzake Khalil wakati askari wa Mjerumani wanapopita wakiwakamata wanaume. Askari wanaondoka, hatari inapita, na msomaji anashusha pumzi. Hapo ndipo Yusuf anapogeuka na kukimbia, si kuwakimbia askari bali kuwafuata, na kitabu kinaishia hapo. Mwisho huo nimeusikia ukijadiliwa Leipzig, Ujerumani, ninakoishi na kufanya kazi, na nimeusikia ukijadiliwa Lindi, nilikozaliwa. Kote kuwili watu waligawanyika, lakini hawakugawanyika kwa sababu moja, na tofauti ya sababu hizo imenifundisha mengi kuhusu usomaji wa huku na wa kwetu. Mimi ninautetea mwisho huo. Hata hivyo, naona kwamba wanaoupinga Lindi wana hoja nzito kuliko wanaoupinga Leipzig.

Nianze na huku. Baada ya Gurnah kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021, tafsiri ya Kijerumani ya riwaya hii, ambayo ilikuwa imesahaulika, ilichapwa upya, na kikundi cha wasomaji kinachokutana kwenye maktaba ya mtaa wetu kikaichagua. Kila mtu alikuwa na nakala yake na alisoma peke yake nyumbani, jioni, baada ya kazi. Mwisho wa hadithi ulilindwa kwa bidii kubwa: aliyemaliza mapema aliombwa asiseme lolote mbele ya wale ambao hawajamaliza, na aliyeteleza hata kwa neno moja alitazamwa kama mtu aliyechukua mali ya mwenzake. Naiheshimu adabu hiyo, kwa kuwa inatokana na imani kwamba kila msomaji ana haki ya kukutana na kitabu kwa mara ya kwanza bila mtu wa kati. Gharama yake ni kwamba kitabu kizima kinasomwa katika ukimya, na watu wanaanza kuzungumza pale tu ambapo hakuna kilichobaki cha kungojewa.

Siku ya mazungumzo, upande mmoja ulisema umedanganywa: mwandishi ametumia kurasa zote zile kumlea kijana huyu kwa subira, kisha amemtupa kwa aya chache. Upande wa pili ulisema hizo aya chache ndizo zilizokiinua kitabu. Nilipowasikiliza kwa makini niligundua kwamba pande zote mbili zilitumia kipimo kimoja, yaani kama mwandishi alimwandaa msomaji kwa haki au alimvizia. Kipimo hicho kina historia ndefu Ulaya. Mwaka 1926 Agatha Christie alitoa riwaya ya upelelezi kuhusu kifo cha Roger Ackroyd, ambamo muuaji anatokea kuwa msimulizi mwenyewe, na wasomaji wake walibishana vikali: wengine walisema amevunja ahadi, wengine wakasema dalili zote zilikuwa wazi kwa mwenye macho. Mwaka 1929 Ronald Knox, aliyekuwa padri na mwandishi wa hadithi za aina hiyo, aliorodhesha kanuni kumi ambazo mwandishi wa upelelezi alipaswa kuzifuata ili asimdhulumu msomaji. Riwaya ya Gurnah si ya upelelezi hata kidogo, lakini niliona kwamba hata msomaji wa Ulaya ambaye hajawahi kuzisikia kanuni hizo amelelewa ndani yake, na anamdai mwandishi yeyote hesabu ya dalili.

Kwa kipimo hicho, mwisho wa Peponi unasimama imara. Mama mmoja mstaafu katika kikundi chetu alikuja na kitabu kilichojaa vikaratasi na akatuonyesha kurasa moja baada ya nyingine. Mwanzoni kabisa mwa hadithi, Yusuf yuko stesheni ya reli anawakodolea macho Wazungu wawili, wa kwanza kuwaona maishani mwake, na bendera ya Wajerumani yenye ndege mweusi inapepea hapo. Safarini bara, wafanyabiashara hawaachi kusimuliana habari za Wajerumani na ukali wao. Msafara unaponyang'anywa mali katika mji wa mtawala Chatu huko bara, anayeamua kesi si mfanyabiashara wala mwenye mji, bali ni Mzungu anayewasili na askari wake. Mjerumani basi hakuingia ghafla katika ukurasa wa mwisho. Alikuwepo tangu wa kwanza, akikaribia taratibu huku wahusika wakidhani wana muda. Sijawahi kusikia utetezi bora wa mwisho ule, na ulitoka kwa mtu aliyesoma polepole, katika nchi ambayo mstaafu anaweza kuazima kitabu chochote bila malipo makubwa na kukaa nacho kwa wiki kadhaa. Usomaji wa namna ile ningependa kuuona kwetu.

Kwetu kitabu ni kimoja, wasomaji ni wengi. Nakala ya Peponi niliyoipeleka Lindi ilianza kwa mjomba wangu, ikaenda kwa mwalimu mstaafu jirani yake, ikarudi, kisha ikawa inasomwa kwa sauti kibarazani baada ya alasiri, katika msimu ule ambao wakulima wa korosho wameshapeleka mzigo kwenye chama cha msingi na wanasubiri malipo ya mnada. Mwalimu alikuwa amekwisha kuwaambia wote mwisho wake kabla sura ya kwanza haijaisha. Hakuna aliyelalamika. Wazee wa kibarazani wamekua wakisikia hadithi zilezile mara nyingi, na kwao kuujua mwisho ni kupata ruhusa ya kuanza kubishana mapema. Kila Yusuf alipofanya jambo, palikuwa na mtu wa kusema, “Huyu ndiye atakayekuja kuwafuata askari,” na jambo hilo dogo likapata uzito ambao mimi, nilipolisoma peke yangu Leipzig, sikuupata.

Wasidhani basi wasomaji wa huku kwamba kibarazani hapakuwa na mshangao. Ulikuwepo, na ulikuwa mkali zaidi, kwa sababu wale wazee walishamjua Yusuf kabla ya Gurnah. Kila mtoto aliyepita chuo cha Qurani Lindi, Mikindani au Kilwa amefundishwa kisa cha Nabii Yusuf, ambacho Qurani yenyewe, katika sura ya 12, inakitaja kuwa ni simulizi nzuri kuliko zote. Riwaya inakifuata kisa hicho kwa karibu: kijana mzuri wa sura anaondolewa kwa wazazi wake, anakaa katika nyumba ya tajiri, mke wa tajiri anamtamani, anakimbia, na kanzu yake inachanwa kwa nyuma. Wasikilizaji walipofika kwenye kanzu walitikisa vichwa kwa kuridhika, kwa kuwa walijua kinachofuata. Katika kisa cha Nabii, kanzu iliyochanwa kwa nyuma ni ushahidi wa ukweli wake, jela inafunguliwa, ndoto inatimia, na kanzu nyingine ya Yusuf inapowekwa usoni mwa mzee Yaakub inamrudishia macho. Wana wanarudi kwa baba. Katika riwaya hakuna anayerudi kwa yeyote.

Msomaji wa Leipzig aliyesema amedanganywa alikuwa anadai dalili, na dalili zilikuwepo. Mzee wa Lindi aliyesema hivyohivyo alikuwa anadai ndoto itimie, mtoto arudi kwa mama yake, na dhuluma iliyoanza kwa deni la baba iishie katika haki. Dai la pili haliwezi kujibiwa kwa kufunua kurasa na kuonyesha bendera. Mwandishi ameazima kwa makusudi kisa ambacho mwisho wake unawafariji watu, kisha amewanyima faraja hiyo, na mwenye kulalamika analalamikia kitu ambacho kweli amenyimwa. Ndiyo maana nasema hoja yao ni nzito.

Kuna uzito mwingine, nao unatokana na askari wenyewe. Leipzig neno askari katika riwaya hii liliwafanya baadhi ya wasomaji wanyamaze kwa aibu, na wengine walikiri kwamba shuleni hawakufundishwa lolote la maana kuhusu utawala wa nchi yao Afrika Mashariki. Lindi hakuna anayehitaji kufundishwa. Vita vya Maji Maji vilianza mwezi Julai 1905 huko Nandete, katika milima ya Matumbi, wilayani Kilwa, watu walipong'oa mashina ya pamba waliyolazimishwa kulima, na vilizimwa kwa kuchoma vijiji, mashamba na maghala ya chakula hadi njaa ikawaua watu wengi kuliko risasi. Baadhi ya wanahistoria wanakadiria vifo hadi 300,000. Wengi wa waliotumwa kuchoma maghala hayo walikuwa Waafrika waliovaa sare ya Mdachi. Miaka 12 baadaye, Oktoba 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Waingereza na Wajerumani walipigana Mahiwa, ndani ya mkoa wetu, na kabla mwaka haujaisha jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, lilikuwa limevuka Ruvuma, likiacha nyuma yake vijiji vilivyonyang'anywa chakula na wanaume waliobebeshwa mizigo kwa nguvu. Zipo familia za kusini zilizopoteza babu katika upagazi huo bila kujua kaburi lake, na zipo familia ambazo babu yao alikuwa upande wa sare. Wakati mwingine ni familia moja.

Kwa hiyo swali la kibarazani halikuwa kama mwandishi ametenda haki. Lilikuwa kama Yusuf ametenda haki. Mjomba wangu alishikilia kwamba amejiuza, na kwamba mtu aliyewahi kuwa rehani ya deni la baba yake ndiye ambaye angepaswa kujua kuliko wote maana ya kwenda kumtumikia bwana mwingine. Alikuwa na hasira pia na mfanyabiashara Aziz, ambaye mtoto alizoeshwa kumwita kama ndugu wa damu hali alikuwa mdai tu, kwa sababu katika watu wetu wa kusini mjomba ana dhamana juu ya watoto wa dada yake, na kujipachika nafasi hiyo ili kuchukua mtoto wa watu ni jambo zito sana. Shangazi yangu, aliyekuwa anasikiliza huku akibangua korosho, alimjibu, “Kaka, ungemwambia aende wapi? Kwao hapapo tena, yule binti ni mke wa mtu, na duka si lake.” Kisha akasema kwamba anayemsikitikia ni Amina, ndiye binti huyo ambaye Yusuf alimpenda hali ni mke wa Aziz, aliyebaki ndani ya ua wa tajiri bila hata askari wa kumfuata. Katika mkutano wetu wa Leipzig, Amina hakutajwa na mtu yeyote, nami nikiwemo.

Utetezi wangu unaanzia kwenye maneno ya shangazi. Katika riwaya nzima Yusuf anapelekwa: baba anampeleka, Aziz anampeleka, mnyapara anampeleka, anaachwa kwa watu na kuchukuliwa tena. Kukimbia kule ndiyo hatua ya kwanza kubwa anayoipiga kwa miguu yake bila kutumwa. Inaumiza kwa sababu uhuru wake unatumika kuchagua utumishi mwingine, na dunia aliyowekwa ndani yake haikuwa na mlango wa tatu. Mwandishi angeweza kumpeleka kwa mama yake, na sote kibarazani tungefurahi, lakini angekuwa amesema uongo kuhusu vijana wa zama zile, ambao wengi wao kweli waliingia katika majeshi ya wageni kwa kukosa mahali pa kusimama.

Wapo vijana wa pale nyumbani waliosema kwamba Yusuf ni sisi tunaokwenda Ulaya, na kwamba mimi ninayeishi kwa Wajerumani ndiye mwenye sababu ya kumtetea. Walisema kwa dhati na ninawajibu kwa dhati. Mimi niliondoka na pasipoti, mkataba wa kazi na baraka za wazazi, na ninaweza kurudi nikitaka. Yusuf hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Kutulinganisha ni kuipunguza dhuluma aliyofanyiwa. Ninakubali hata hivyo kwamba kukaa huku kumenifanya nione upande ambao kutoka Lindi haukuonekana kirahisi: watu wanaokisoma kitabu hiki kwa Kijerumani wanakutana na babu zao wenyewe katika ukurasa wa mwisho, na wale walioukasirikia ukatili wa mwisho huo walikuwa, bila kusema, wanawakasirikia pia hao babu.

Mwalimu mstaafu hakuridhika na utetezi wangu. Alisema mwandishi aliyemfikisha kijana mbele ya bunduki ana wajibu wa kutuambia kilichompata baadaye, na kwamba kunyamaza hapo si sanaa, ni kukwepa. Nilimjibu kwamba Gurnah alirudi kwenye njia hiyo mwaka 2020 katika Afterlives, ambamo kijana mwingine, Hamza, naye akiwa amemtoroka mfanyabiashara aliyemmiliki, anajiunga na jeshi la Mjerumani kwa hiari yake, anajeruhiwa, na anarudi pwani akiwa hana kitu, kisha anaanza maisha na Afiya. Si Yusuf, lakini ni jibu la swali lilelile. Mwalimu ameomba nimpelekee, na mjomba ameshasema kwamba asipokisoma yeye kwanza hatasikiliza hukumu ya mtu mwingine juu ya huyo Hamza.