Mvua ya tindikali: je, Dar es Salaam ina la kuogopa?

Masika yanapoanza, mabati ya Mbagala na Temeke hutiririsha maji meusi, na mwenye nyumba anayeona kutu imeshakula misumari husema ni mvua ya tindikali. Dai hilo lina ukweli na lina makosa. Mvua yoyote, hata ile inayonyesha katikati ya bahari, ina uchachu kidogo kwa sababu huyeyusha kabonidioksidi ya angani, na kipimo chake cha pH, ambacho hushuka kadiri uchachu unavyozidi, huwa karibu 5.6. Mvua ya tindikali hushuka chini ya hapo, baada ya gesi za salfa na nitrojeni zitokazo kwenye makaa ya mawe, mafuta mazito, injini za magari na mitambo ya kuyeyushia shaba kuchanganyika na unyevu wa angani. Kushuka hadi 4.6 maana yake ukali umeongezeka mara kumi.

Wanaosema jiji halina la kuogopa wana hoja nzito. Tangu 2004 sehemu ya umeme wetu imetokana na gesi asilia ya Songo Songo, ambayo haina salfa ya kutajika. Meli nazo, tangu Januari 2020, zimetakiwa kutumia mafuta yenye salfa isiyozidi asilimia 0.5, badala ya 3.5 ya zamani. Kutu ya Mbagala kwa sehemu kubwa ni kazi ya chumvi ya bahari. Tena ardhi ya pwani yenye mawe ya matumbawe huzimua tindikali yenyewe: kamulia ndimu juu ya kipande cha jiwe hilo, utaona povu likichemka.

Lakini povu hilo hilo ni jiwe linaloliwa. Kuta za majengo ya kale kama Boma la Kale, zilizojengwa kwa matumbawe na chokaa, hazioti upya, na moshi wa dizeli kwenye foleni za mjini unaendelea kutoa gesi za nitrojeni.

Hata hivyo, naona kosa kubwa zaidi ni kulipima suala hili kwa mabati ya jijini peke yake. Huko Sudbury, Kanada, mwaka 1972 lilikamilika dohani la mita 381 ili kuwaondolea wakazi moshi wa mitambo ya madini. Hewa ya mji ikapata nafuu, salfa ikapeperushwa mbali zaidi. Maziwa ya Skandinavia, yaliyo juu ya miamba isiyo na chokaa, yalipoteza samaki kwa moshi uliotoka Uingereza na nchi nyingine za Ulaya, kwani tindikali huyeyusha alumini ya udongoni, nayo huharibu matamvua ya samaki.

Kwetu, makaa ya mawe yapo Ruvuma, na wanaotaka yazalishe umeme mwingi hawakosei wanapokumbusha adha ya mgao. Teknolojia ya kunasa salfa kwa chokaa kabla moshi haujatoka ipo, ila ni ghali, na gharama hiyo ndiyo hukatwa kwanza bajeti inapobana. Ikikatwa, taa zitawaka Dar es Salaam, na mvua itanyesha kwenye udongo wa Nyanda za Juu Kusini, ambao sehemu nyingi tayari una uchachu, na ambako mkulima hununua chokaa kwa mfuko ili mahindi yake yastawi.