Gyokudō hakuchora kwa kubahatisha

Uragami Gyokudō, mchoraji wa mandhari wa Japani aliyezaliwa Okayama mwaka 1745, husimuliwa mara nyingi kama mtu aliyetupa kazi, akashika chupa ya sake, pombe ya Kijapani ya mchele, na kuzurura nchini akichora lolote lililomjia. Naona simulizi hiyo inamdhulumu.

Alikuwa samurai, yaani mtu wa tabaka la wapiganaji waliomtumikia bwana, mwenye cheo, aliyerithi nafasi ya baba yake angali mtoto, na alitumikia kwa miaka mingi. Moyo wake, hata hivyo, ulikuwa kwenye ala ya Kichina ya nyuzi saba, ambayo wasomi wa China waliipiga faraghani au mbele ya marafiki wachache. Jina la Gyokudō alilitoa kwenye maandishi ya ala kongwe aliyoipata, na muziki ndio aliouweka mbele maishani. Mwaka 1794, akikaribia umri wa miaka 50, aliuacha utumishi na kuondoka na wanawe wawili, Shunkin na Shūkin. Kwa samurai wa enzi ile, kumwacha bwana wake lilikuwa jambo zito, kwa maana alipoteza cheo na riziki ya uhakika kwa siku moja. Alitembea kuanzia kisiwa cha Kyushu, kusini mwa Japani, hadi Aizu, kaskazini, kisha akatulia Kyoto, ambako Shunkin alikuwa mchoraji mwenye sifa kumzidi baba yake. Alifariki huko mwaka 1820.

Ni kweli alipenda sake, na katika baadhi ya michoro aliandika mwenyewe kwamba aliichora akiwa amelewa. Lakini wasomi wachoraji wa Japani, waliofuata mtindo wa China kama yeye, walikuwa wamerithi kutoka kwa washairi wa China desturi ya kujivunia ulevi, kwa hiyo maneno hayo hayatoshi kuwa ushahidi wa uzembe. Ushahidi umo kwenye karatasi. Tazama mchoro wake maarufu wa milima chini ya mawingu mazito yanayomwaga theluji laini: wino mkavu umepitishwa juu ya wino mwepesi, tabaka baada ya tabaka, mpaka anga likawa zito, weupe wa theluji ni karatasi yenyewe iliyoachwa bila kuguswa, na katikati ya miti kuna vitone vidogo vya rangi nyekundu. Kuiacha karatasi wazi mahali panapostahili, huku brashi ikizidi kurudi kando yake, kunahitaji mkono unaojua pa kusimama.

Mwandishi Kawabata Yasunari, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1968, aliununua mchoro huo, na leo ni hazina ya taifa la Japani. Wanaoandika kumhusu Gyokudō wangepaswa kuanza na ile ala ya nyuzi saba, kwa kuwa nidhamu ya mchoro huu aliizoea kwenye muziki miaka mingi kabla ya kuondoka Okayama.