Likizo ya mbalamwezi

Miezi ya mwanzo baada ya kuacha kazi nilikuwa nikishtuka alfajiri na kupapasa simu chini ya mto. Moyo mbio, jasho shingoni, nikijua kuna ripoti imelala. Naikuta simu kimya. Ujumbe pekee ni wa kampuni ya simu, unanikumbusha bando langu limekwisha.

Nilikaa Dar es Salaam miaka 13 kwenye kampuni moja ambayo haina haja ya kutajwa, idara ya mauzo, na nilipoondoka nilikuwa na watu 22 chini yangu. Sikufukuzwa. Niliandika barua mwenyewe, nikamaliza notisi yangu, wakanikatia keki, nikarudi Kigoma nilikozaliwa. Sasa nanunua dagaa wabichi Kibirizi, mwalo ambako wavuvi wa Ziwa Tanganyika hushushia samaki, naanika, nafungasha, natuma Dar. Nauza na mawese kidogo.

Stori za namna hii nazijua. Fulani ameacha kazi, karudi nyumbani, anafuga kuku, ana amani tele. Nilikuwa nazisoma kwenye foleni ya Ubungo hadi machozi yananilenga. Zilichonificha ni kwamba amani hiyo kuna mtu anailipia. Ya kwangu anailipia mume wangu. Ni mwalimu wa sekondari, alihangaikia uhamisho karibu mwaka mzima ili atufuate huku, na bima yake ya afya ndiyo inayotutibu mimi na watoto. Mimi nikisema leo siendi popote, yeye saa moja na nusu asubuhi yuko darasani na chaki yake. Kwa hiyo mtu akiniita jasiri, huwa namwonyesha jasiri mwenyewe alipo: anasahihisha madaftari ukumbini.

Tuzungumzie likizo, maana hapo ndipo kisa changu kilipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo kwa mwaka. Nilikuwa nazo, kwenye karatasi. Mwaka mmoja niliziuza, mwaka mwingine nilizikatakata siku tatu tatu, na mwaka pekee niliozichukua zote nilikuja Kigoma na kompyuta ya ofisi begani. Nakumbuka usiku mmoja Mama alipika migebuka, samaki wa ziwa letu, kwa mawese, na ugali wa muhogo. Akaniita. Nikasema nakuja. Akaniita tena. Nilipotoka chumbani ilikuwa inakaribia saa tano, nyumba imelala, sahani yangu iko mezani chini ya kawa. Nilipoifunua, mawese yalikuwa yameganda pembeni mwa sahani, rangi ya chungwa lililofifia, na mgebuka umekauka mgongo. Nikala nikiwa nimesimama. Kulipokucha Mama aliuliza swali moja tu, bila ukali, akichambua mchele: "Hao watu wako, mwanangu, wao wanakula saa ngapi?"

Nilicheka. Sikuwa na jibu, na kibaya zaidi ni kwamba swali lilikuwa linanihusu mimi kama bosi kuliko nilivyodhani. Nilikuwa mtu wa kutuma ujumbe kwenye kundi la kazi saa nne usiku. "Naomba takwimu kabla hatujalala." Binti mmoja katika watu wangu, ana kichanga cha miezi minne, alinijibu saa saba usiku. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa ananyonyesha, akaona atumie muda huo huo. Nilimsifu mbele ya wenzake kwa kujituma. Nimemwomba radhi tangu hapo, na alipokea vizuri, lakini ile sifa niliyompa bado inaniuma kuliko makosa mengine yote niliyofanya pale.

Haya, Kibirizi.

Mwezi wangu wa pili kwenye biashara nilichukua oda ya kilo 40 za dagaa wakavu kwa mteja wa Dar. Nikaahidi tarehe, kama nilivyozoea kuahidi. Nikashuka mwaloni jioni nikitarajia kukuta vipe, vyombo vya kuvulia dagaa, vinaandaliwa, taa zinafungwa, vijana wanapakia nyavu. Nikakuta vipe vimetulia, watu wanacheza bao, nahodha ninayemnunulia ameketi juu ya ndoo anashona wavu. Nikamuuliza wanatoka saa ngapi. Akasema hawatoki. Nikampandishia bei. Akacheka. Nikampandishia tena, na sasa naona haya kukumbuka sauti niliyotumia. Ilikuwa ile ya kikao cha Jumatatu. Akanyanyua kidevu kuelekea milima ya mashariki, mwezi ndio kwanza unachomoza, mkubwa kama sinia.

"Dada, taa yangu na ile, dagaa atafuata ipi?"

Mimi ni mtoto wa Kigoma, nilikuwa najua. Dagaa huvuliwa gizani: taa inawashwa majini, wanaikusanyikia, wavu unapandishwa. Mwezi ukijaa, ziwa zima lina mwanga, hawana sababu ya kukusanyika popote. Basi kwa wiki hivi kila mwezi watu hukaa nchi kavu. Wanashona nyavu, wanakwenda msibani, wanatembelea wakwe, wanalala na wake zao usiku kama watu wengine. Miaka 13 ya ofisi ilikuwa imenisahaulisha kuwa kuna kazi yenye kitu juu yake kisichosikiliza ofa.

Hicho ndicho nilichokosa Dar, na sidhani kama ni uvivu wala udhaifu wa roho. Tulifundishwa semina za kujipangia muda, mkufunzi akatuchorea duara lililogawanywa vipande: kazi, familia, afya, ibada. Duara zuri. Lakini aliyeshika kalamu ya kugawa ni mimi mwenyewe, na mimi ndiye niliyetaka kupandishwa cheo. Mvuvi hagawi chochote. Mwezi unamgawia.

Hata hivyo, nisije nikaupamba umaskini. Mwaka 2024 Serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Sababu ilieleweka. Ila wiki moja ya mbalamwezi ni mapumziko, na miezi mitatu kwa mwenye watoto sita na hana akiba ni jambo lingine kabisa. Mimi niliipita kwa mawese na kwa pesa niliyoweka enzi za mshahara. Wapo waliouza taa zao.

Ndiyo maana siwezi kuutukana ule mshahara. Ndio uliopaua nyumba ya Mama bati jipya, ukamsomesha mdogo wangu chuo. Bandarini kwetu ipo meli ya Liemba, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 isiangukie mikononi mwa adui, lakini kabla ya kuizamisha waliipaka mashine zake grisi nzito zisiliwe na kutu. Ikalala chini ya maji hadi ilipoibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kubeba watu tena. Vijana huniandikia wakiuliza waache kazi au wasiache. Nawauliza kama wameshapaka grisi. Wengi hawarudi kuniuliza tena.

Yule mteja wa kilo 40 nilimpigia nikamweleza habari ya mwezi. Akanyamaza, kisha akasema, "Kwani huko hamna friza?" Alinikumbusha mimi wa zamani. Oda ilichelewa siku kumi na moja, akaipokea, na bado ni mteja wangu.

Jana mwezi umechelewa kutoka, na leo taa zimeanza kuonekana majini, mbali, kama mtaa mwingine uliojengwa juu ya ziwa. Saa kumi na moja alfajiri nitakuwa Kibirizi na beseni zangu. Mama ameshasonga ugali. Nimemwambia asifunike, nakuja.